Mwenye TV Ndiye Mwekundu

Mtaani kwetu kulikuwa na TV moja yenye deki, na nyumba iliyokuwa nayo ilikuwa na mtoto mmoja wa rika letu. Ni miaka ile vituo vya televisheni vilipokuwa ndiyo kwanza vinaanza kurusha matangazo bara, mwaka 1994 na kuendelea, na sisi tulikuwa watoto wa shule ya msingi tuliojaa vumbi hadi kwenye kope. Mkanda wa Power Rangers, kipindi cha kikosi cha mashujaa ambao kila mmoja ana rangi yake, ukiisha, tunatoka mbio uani kugawana rangi. Hapakuwa na kura wala mjadala. Mwenye TV ndiye Mwekundu. Waliobaki tunapigania bluu, kijani na nyeusi. Rangi ya waridi haina mtu. Na aliyechelewa kufika anakuwa dubwana, anapigwa na wote. Mimi siku za neema nilikuwa wa bluu. Siku nyingi nilikuwa dubwana.

Sheria nyingine tuliipata kibanda umiza, kwa shilingi chache na jasho jingi: steringi hafi. Anaweza kupigwa risasi ya bega, kusukumwa maporomokoni, kuzikwa akiwa hai, lakini ukianza kumsikitikia kuna mtu wa benchi la mbele atageuka akwambie, "Tulia dogo, steringi hafi." Nimekua na sheria hizo mbili kichwani, ya nani awe Mwekundu na nani asife, wala sikudhani kwamba siku moja zitanirudia kupitia habari za samurai, wapiganaji wa Japani ya zamani.

Mpwa wangu wa miaka minane alikuja kwangu likizo akiwa na ugonjwa wa Power Rangers Samurai. Kila asubuhi anatoka chumbani, anaweka viganja mapajani, anainama hadi kiunoni, ndipo anasema, "Shikamoo mjomba." Mwiko wa ugali ukawa upanga. Brashi ya kupakia rangi ya viatu ikawa kalamu ya kichawi ya kuandikia herufi hewani, na kuta zangu zina ushahidi. Nilivumilia mpaka siku aliponiuliza, "Mjomba, hawa samurai walikuwepo kweli, na walikuwa hivihivi?" Nikamjibu kwamba walikuwepo. Hiyo "hivihivi" nikaiacha kiporo. Masika yale mvua ilinifungia ndani, nikajikuta nafuatilia jambo ambalo mtu mwenye umri wangu na madeni yangu hakupaswa kulifuatilia.

Nianze na kile ambacho mashabiki wengi wanakijua. Power Rangers Samurai, iliyoanza kuonyeshwa Marekani Februari 2011 kwenye Nickelodeon, ilipigwa picha Nyuzilandi, na sehemu kubwa ya mapigano yake ni picha zilizotoka Japani, kwenye kipindi kiitwacho Samurai Sentai Shinkenger. Hicho kilirushwa na TV Asahi Jumapili asubuhi, kuanzia Februari 2009 hadi Februari 2010, sehemu 49. Mtengenezaji ni Toei, kampuni iliyoanza kutoa vikosi vya mashujaa wa rangi mwaka 1975. Ndiyo kusema Wamarekani walinunua nguo ikiwa imeshonwa, wakabadilisha vichwa vinavyotokeza kolani. Kwa hiyo swali la mpwa wangu lina ngazi mbili: Wajapani wenyewe waliwaelezaje samurai kwa watoto wao, na nini kilidondoka njiani kuvuka bahari?

Lakini samurai wa kweli ndiye nani? Neno lenyewe mzizi wake ni kitenzi cha kale chenye maana ya kuhudumia, kukaa karibu na mkubwa ukingoja amri. Kabla hajawa shujaa, samurai ni mtumishi. Silaha yake ya kwanza pia haikuwa upanga. Ukoo wa Tokugawa, uliokuwa ukitawala Japani, ulipotunga kanuni za nyumba za wapiganaji mwaka 1615, ibara ya kwanza iliwataka washike elimu pamoja na sanaa ya vita, na sanaa hiyo ilitajwa kwa jina la upinde na farasi. Kisha ikaja amani ya miaka zaidi ya 250. Wapiganaji wakawa makarani. Walivaa panga mbili kiunoni, refu na fupi, kama kitambulisho cha cheo, lakini kazi yao ilikuwa kuhesabu magunia, kuandika barua na kusimamia madaraja. Mshahara wao ulipimwa kwa mpunga: koku moja, kama lita 180, ndiyo iliyohesabiwa kumtosha mtu mmoja mwaka mzima. Wa ngazi za chini walikuwa na njaa ya heshima, wakajishikiza kwenye vibarua vya nyumbani, gundi mkononi, wakibandika karatasi kwenye miavuli ya kuuza. Huyo hayupo kwenye kipindi chochote cha watoto, na mimi ndiye niliyempenda kuliko wote. Namfahamu. Nimefanya kazi naye ofisi moja, tai shingoni, mfukoni nauli ya kwenda tu.

Hayupo pia yule aliyeruhusiwa na sheria kumkatilia mbali mtu wa kawaida aliyemvunjia heshima. Ruhusa hiyo ilikuwa na masharti, na aliyeitumia ovyo aliadhibiwa, lakini ilikuwepo. Mkulima wa Japani wa mwaka 1700 akimwona samurai anakuja barabarani hakufikiri kwamba msaada umefika. Alisogea pembeni akainamisha kichwa.

Ile orodha ya maadili tunayoisikia kila mahali, uadilifu, ujasiri, huruma, adabu, ukweli, heshima, utiifu, haikubandikwa kwenye ukuta wa ngome yoyote. Orodha hiyo ilisambaa duniani kwa kitabu cha Nitobe Inazo, mtoto wa familia ya samurai aliyezaliwa 1862, akaingia Ukristo wa madhehebu ya Quaker, akakiandika kwa Kiingereza akiwa Marekani. Kilitoka mwaka 1900. Wakati huo samurai walikuwa wameshapigwa marufuku kutembea na panga kwa miaka zaidi ya 20, tangu amri ya 1876. Nitobe alikuwa anawaeleza wageni kwamba na sisi tuna maadili yetu, hatukuokota. Nia njema, na serikali ya Japani baadaye ikaweka sura yake kwenye noti ya yeni 5,000. Lakini ni kama mtu aandike leo jinsi waungwana wa Lamu walivyoishi, awaandikie watalii, aanze na yaliyo mazuri tu. Utapata ukweli, ila umechujwa kwa chujio la sherehe.

Sasa mwenye kukihukumu kipindi cha watoto akiwa na orodha ya Nitobe mkononi, anaweka alama ya tiki kwenye adabu, tiki kwenye ujasiri, anapima kioo kwa kioo kingine. Hilo lilinichukua wiki mbili kuligundua. Nilikuwa natafuta samurai wa historia ndani ya Shinkenger, kumbe kipindi hakikuwahi kuahidi kunipa huyo. Kinachofuatwa pale kwa uaminifu mkubwa ni jukwaa.

Sehemu zake haziitwi sehemu. Kila moja inaitwa maku, neno lilelile la pazia la jukwaani. Kuna watu waliovaa nguo nyeusi tupu, nyuso zimefunikwa kwa kitambaa cheusi, wanaoleta viti, wanapeperusha bendera, wanapiga ngoma, wanapika, wanaendesha gari. Hao ni kuroko, wasaidizi wa kabuki, tamthilia ya jadi ya Kijapani, ambao watazamaji wamekubaliana tangu zama kwamba hawawaoni. Shinkenger inawaacha ndani ya nyumba ya bwana kama watumishi wa kawaida, bila kueleza, na mtoto wa Kijapani anacheka kwa sababu bibi yake aliyekaa pembeni anacheka. Anayeigiza mzee mlezi wa nyumba, yule anayeitwa Jii, yaani mzee wetu, ni Goro Ibuki, ambaye kwa miaka mingi kuanzia miaka ya 1980 alikuwa mmoja wa walinzi wawili wa mzee anayetembea nchi nzima akirekebisha dhuluma, katika Mito Komon, tamthilia ya samurai ambayo wazee wa Japani waliila kama chakula cha jioni. Kumweka pale ni sawa na kumchukua mzee aliyezeeka kwenye maigizo ya redio tuliyokulia, umpe nafasi ya babu katika katuni ya leo. Mtoto anaona babu. Mama anaona maisha yake.

Na ile kujitaja majina! Kila kikosi cha rangi lazima kijipange mstari, kila mmoja ataje jina lake na apige mkao, madubwana yakisubiri kwa adabu mpaka wamalize. Tulipokuwa watoto tuliona ni ujinga mtamu. Wengi huurudisha mtindo huo kwenye mchezo wa kabuki wa mwaka 1862 wa Kawatake Mokuami, ambamo watu watano wenye miavuli wanasimama mstari ukingoni mwa mto, kila mmoja anajinadi kwa mashairi kabla ya kupambana na askari. Jambo linalonifurahisha ni kwamba watano hao ni wezi. Lakini nyuma yao kuna desturi ya zamani zaidi, ya wapiganaji katika visa vya vita vya karne ya 12, waliotaja ukoo wao na sifa zao kabla ya kurusha mshale. Sisi tuliofundishwa fasihi simulizi tunalijua jambo hilo kwa jina moja tu: majigambo. Mhaya aliyesimama mbele ya mkubwa wake na mkuki mkononi, akajitapa alivyotenda vitani, angeelewa bila tafsiri.

Ila sikiliza wanavyojitaja kwenye Shinkenger. Takeru, Mwekundu wao, anataja cheo chake na jina lake: Shinken Red, Shiba Takeru. Anayemfuata, wa bluu, anaanza na neno onajiku. Wa waridi, onajiku. Wa kijani na wa njano, onajiku. Maana yake ni "vilevile". Mimi vilevile, kama huyo aliyetangulia. Neno moja dogo, linapita kwa nusu sekunde, na ndani yake umo mfumo mzima. Wa kwanza ni bwana, wengine wanapata maana yao kwa kumfuata. Nyumbani wanamwita Tono, na tafsiri yangu ya neno hilo ni Mwinyi, kwa maana ya zamani ya pwani, ya mwenye mji na mwenye watu. Si kapteni wala kiongozi wa timu. Amewarithi kama alivyorithi nyumba. Katika pazia la kwanza anawaita kutoka kwenye maisha yao: wa bluu yupo jukwaani akicheza kabuki, wa waridi anafundisha chekechea, wa kijani anacheza gemu, wa njano anapuliza filimbi yake porini kwenye mianzi. Wanaacha yote wanakuja. Na wa njano amekuja badala ya dada yake aliyeugua, kwa kuwa nyumba yao inadaiwa mtu mmoja, na deni la nyumba halijali jina la atakayelilipa.

Wa kijani, Chiaki, ndiye aliyeuliza swali ambalo ningeuliza mimi: kwa nini nimwite mtu wa rika langu Mwinyi? Nilimpenda hapohapo. Katika nakala ya Marekani swali hilo halina pa kusimama, kwa sababu hakuna anayemwita Jayden, Mwekundu wa huko, bwana. Ni Jayden tu, kijana mwenzao, mchezaji bora wa timu. Hata kauli mbiu yao inasema wako pamoja na ni samurai milele. Pamoja, si vilevile. Sina ugomvi na usawa, nimelelewa na Azimio la Arusha lililoning'inia ukutani kwa babu. Nasema tu kwamba ukiuondoa utumishi kwenye samurai, umebaki na mtu mwenye upanga.

Kipindi cha Kijapani chenyewe kina mtu wa namna hiyo, na kimemweka upande wa giza. Anaitwa Juzo, anapenda kukata na kupambana, hana bwana, hana sababu, anatafuta mpinzani anayemfaa. Maadui wote wanaitwa wa gedo, neno la Kibudha lenye maana ya njia ya nje, na wanatoka mto Sanzu, ambao kwa Wabudha wa Japani marehemu huuvuka. Juzo ndiye anayemtisha Takeru kuliko mashetani wote, kwa sababu anamwambia bila kuficha kwamba ndani yako hakuna kitu ila upanga. Na Takeru hawezi kukanusha.

Hapa nawaonya wanaotaka kukitazama: nitamwaga mchuzi wote.

Takeru si Mwinyi. Hana hata tone la damu ya ukoo wa Shiba. Ni kivuli, kagemusha, mtoto aliyewekwa kwenye kiti cha bwana ili maadui wamwandame yeye, huku mrithi halisi, binti aitwaye Kaoru, akifichwa akijifunza ile herufi ya siri inayoweza kumfunga mkuu wa maadui. Jambo la vivuli lina mizizi Japani. Inasimuliwa kwamba mbabe wa vita Takeda Shingen alipofariki mwaka 1573 aliagiza kifo chake kifichwe miaka mitatu, ili jirani zake waendelee kuogopa kiti kitupu. Sehemu zaidi ya 40 tumemsikiliza kijana huyu akitangaza jina ambalo si lake, na wanne nyuma yake wakisema vilevile. Vilevile na nani?

Siku Kaoru anapoingia nyumbani, Takeru ananyanyuka kwenye kile kiti. Hakuna kelele. Wale wanne wanatakiwa wampigie magoti binti wasiyemjua, na kwa sheria wanayoifuata hilo ndilo sahihi. Waliapa kwa nyumba ya Shiba, na nyumba ya Shiba imefika. Kijana waliyekula naye, waliyevuja damu kwa ajili yake, anatoka mlangoni hana jina. Ryunosuke wa bluu, mtiifu kupita wote, ndiye anayeteseka kupita wote, kwa sababu yeye aliamini moja kwa moja. Alimpenda mtu au alipenda kiti?

Nilisimamisha picha nikaenda kuchemsha chai.

Swali hilo ndilo samurai wenyewe waligombania karne nzima na hawakulimaliza. Mwaka 1701 bwana mmoja, Asano, alimkata afisa ndani ya ngome ya Edo, makao ya mtawala, akaamriwa ajiue siku hiyohiyo. Watumishi wake, wale 47 maarufu, walisubiri karibu miaka miwili, wakamuua yule afisa, na 46 kati yao wakaamriwa nao wajipasue matumbo mwaka 1703. Mji uliwashangilia, serikali iliwahukumu, wasomi wakagawanyika: wametii bwana au wamevunja sheria ya bwana wa mabwana? Na Yamamoto Tsunetomo, samurai yule aliyesema njia ya samurai inapatikana katika kufa, aliwalaumu kwa jambo jingine kabisa: walichelewa. Kama yule afisa angeugua akafa kitandani wakati wanapanga mipango? Kwake yeye, anayepiga hesabu ameshakosa. Mtu aniambie kuna orodha moja ya maadili ya samurai baada ya hapo, nitamwomba anionyeshe ilipopigwa muhuri.

Narudi kwa Takeru, kwa sababu jinsi walivyomfungua ndiko kunakonifanya nikivulie kofia kipindi cha watoto kilichojaa roboti za plastiki za kuuza madukani. Wenzake wanamwendea. Baadaye Kaoru anajeruhiwa na hawezi kuendelea, na mbele ya watu wote anatangaza kwamba amemchukua Takeru kuwa mwanawe. Binti mdogo anamfanya kijana mkubwa kuliko yeye mtoto wake wa kulea, na kwa hiyo Takeru ni mkuu wa 19 wa ukoo wa Shiba. Mpwa wangu angeangua kicheko. Mimi nilicheka pia, halafu nikaenda kusoma, nikakuta kwamba pamoja na vichekesho vyake, huenda hilo ndilo tendo la kisamurai kupita yote katika sehemu 49. Nyumba za samurai ziliendelea kwa kulea watu wazima. Bwana asiye na mrithi alichukua mdogo wake, mkwe, hata mtu baki, akamwandikisha kuwa mwana, na kuanzia hapo ni mwana kweli, mwenye jina, mpunga na makaburi ya kutunza. Asiyefanya hivyo mapema nyumba yake ilifutwa, na watumishi wake wakabaki ronin, watu wasio na bwana. Ronin walikuwa wengi mno kiasi kwamba mwaka 1651, baada ya njama ya uasi iliyowashirikisha, utawala ulilegeza sheria ili bwana aweze kulea mrithi hata akiwa kitanda cha mauti. Nyumba kwao ilikuwa kitu kinachopita damu. Mwandishi mkuu wa Shinkenger, Yasuko Kobayashi, alichukua kanuni ya karne ya 17 akaifanya ufunguo wa hadithi ya watoto wa chekechea, bila mhadhara hata mmoja.

Na Marekani je? Huko mrithi halisi ni Lauren, dada yake Jayden. Dada wa damu. Kiraka hicho kimoja kimefunga tundu lote. Jayden naye ni Shiba, hakuna mgeni aliyekalia kiti, hakuna aliyemwapia mtu asiye wake. Kuna siri ya familia tu, na wenzake wanaudhika kidogo kwa kufichwa. Lauren akishindwa anamrudishia mdogo wake uongozi, mambo yanaisha. Najua kwa nini walifanya hivyo: ni rahisi kumweleza mtoto wa Ohio. Lakini sidhani mtoto wa Osaka alizaliwa na akili zaidi.

Niwatendee haki. Walihifadhi brashi na herufi. Yule wa moto anaandika moto, yule wa maji anaandika maji, na mkono mbovu unatoa nguvu mbovu. Wazo kwamba kalamu na upanga ni vya mtu mmoja ni la samurai hasa, limo kwenye ile ibara ya 1615. Walihifadhi pia kuinama. Na kuna watu wanaolalamika kwamba Kevin, yule wa bluu, ni kijana mweusi, eti samurai gani huyo. Hao ningewapeleka Kyoto mwaka 1581, ambako Oda Nobunaga, mwenye nguvu kuliko wote Japani, alimwona Mwafrika aliyefuatana na padri Mjesuiti Alessandro Valignano, akaamuru asuguliwe mwili kuhakikisha si wino, kisha akampenda, akampa nyumba, posho na upanga mfupi. Wajapani walimwita Yasuke. Kitabu cha Mjesuiti wa Kifaransa cha mwaka 1627 kinasema alitoka Msumbiji, pwani yetu hii ukishuka kusini. Nobunaga aliposalitiwa katika hekalu la Honno-ji mwaka 1582, Yasuke alikuwepo na aliendelea kupigana baada ya bwana wake kufa. Wanahistoria wanabishana kama anastahili kuitwa samurai kwa cheo. Kwa maana ya lile neno la zamani, la kukaa karibu na mkubwa na kuhudumia, sioni ubishi. Na alikuwa wa bluu, nimeshaamua.

Kinachobaki ni kifo, na hapo vipindi vyote viwili vinarudi kibanda umiza. Steringi hafi. Yapo mambo ambayo mtoto hawezi kuonyeshwa Jumapili asubuhi kabla ya uji, nakubali. Hata Samurai Jack, katuni ya mwaka 2001 yenye ukimya mzuri kuliko zote, ilibidi ajaziwe maroboti, ili anapokata mtu kimwagike kitu cheusi kama oili. Lakini hadithi ambazo Wajapani wenyewe waliwahadithia watoto wao kwa karne nyingi hazikuwa na sheria hiyo. Benkei, jitu lile lililomtumikia jemadari Yoshitsune, alilinda mlango wa bwana wake mwaka 1189 mpaka mishale ikamjaa kama nungunungu, na maadui wakaogopa kumsogelea kwa sababu alikuwa bado amesimama. Ndipo mmoja akapita karibu naye, jitu likaanguka. Lilikuwa limekufa muda mrefu.

Niliposoma hapo nilisikia sauti ya mwalimu wangu wa Kiswahili wa sekondari. Fumo Liyongo, kachomwa sindano ya shaba kitovuni na mwanawe mwenyewe, akatoka hadi kisimani, akapiga goti, akapachika mshale kwenye upinde, roho ikamtoka akiwa vilevile. Na watu wa mji wakakaa na kiu siku kadhaa, hakuna aliyethubutu kuteka maji, mpaka wakamwomba mama yake aende kumbembeleza. Steringi wetu alikufa, na tulihadithiwa tukiwa wadogo, na tulilala usingizi.

Haya yote nilimweleza mpwa wangu kwa vipande, jioni, umeme ukikatika. Liyongo alimpenda. Benkei alimpenda zaidi kwa ajili ya mishale. Takeru alimkasirisha. "Kwa hiyo alikuwa mwongo?" akauliza. Nikamwambia alikuwa mtoto, waliomweka pale ni wakubwa. Akafikiri. Ndipo nikamweleza habari ya TV yetu, ambayo sikuwa nimekusudia kuieleza.

Haikuwa yao. Nyumba ile haikuwa yao pia. Baba yake rafiki yetu alikuwa anaitunza kwa niaba ya tajiri mmoja aliyekuwa safarini, na familia nzima iliishi kwenye vyumba vya nyuma, sebuleni wanaingia kufagia na kupisha joto. Zile kanda tulizotazama, alikuwa anatufungulia mlango wa nyuma baba yake akienda sokoni. Tulijua siku mwenye nyumba aliporudi na gari, TV ikabebwa na deki yake, na yule mtoto akatoka uani kwetu kama kawaida, akasimama mahali pake, mbele.

"Mkamfanyaje?" mpwa wangu akauliza.

Wa kijani ndiye aliyesema kwanza, akafuata mweusi, nami nikasema vilevile. Tukampa ya waridi. Akaipokea, akaenda kusimama mwisho wa mstari, tukaanza kupigana.